Kabla hujapiga install: linda mashine yako, tokeni zako na pesa za watu

Hii nawaandikia madivelopa wa huku kwetu, Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma, wale wanafunzi wa Maseno na MMUST na Egerton wenye wanatengeneza mfumo wa chama ama wa sacco ama wa agrovet fulani, malipo si makubwa lakini mfumo wenyewe unashika pesa na namba za simu za watu kweli kweli. Kwa projekti kama hiyo wewe unaandika faili zako kadhaa, alafu chini yake kuna mamia ya pakeji, yaani koodi iliyoandikwa tayari, za watu hujawahi kuongea nao. Hiyo si mbaya. Programu huria ndizo zimetupa kazi, Python, Node, PHP, Linux, Git, Postgres, zote bure na zote unaweza kufungua usome ndani. Lakini kuna kitu kimoja watu wengi hawajawahi kuelezwa wazi wazi, na nataka tuanzie hapo kwa sababu ukikielewa hayo mengine yote yanakuja yenyewe.

Install inafanya nini haswa

Ukiandika `npm install` (ya Node) ama `pip install` (ya Python) hushushi faili tu. Unaruhusu koodi ya mtu mwingine iendeshwe kwa mashine yako, kwa jina lako, na uwezo wako wote. Chochote wewe unaweza kusoma nayo inaweza kusoma: folda ya `.ssh` yenye funguo za kuingilia seva, faili ya `.env` yenye siri za mfumo, tokeni ya npm (ufunguo wa kuingia bila paswadi) iliyo kwa `.npmrc`, kuki za brauza zenye zinakuweka ndani ya imeli yako, hadi ile picha ya kitambulisho uliyoiacha kwa Downloads tangu mwaka jana. Ni kama kumwachia fundi wa stima ufunguo wa nyumba nzima na wewe uende zako Kibuye sokoni, pengine ni mtu mzuri, lakini hakuna mlango umefungwa.

Kwa upande wa Node, pakeji inaweza kuwa na skripti inaitwa `preinstall` ama `postinstall`, na npm inaiendesha yenyewe bila kukuuliza, hata kama hujaandika mstari mmoja wa kuitumia hiyo pakeji. Na si lazima iwe ile pakeji umeitaja, inaweza kuwa ya tano ama ya sita chini yake. Kwa Python, pakeji ikija kama faili ya `.whl` inafunguliwa tu na kuwekwa mahali pake, lakini ikija kama `.tar.gz` ya chanzo, kuijenga kunaweza kuendesha `setup.py` ya mwenyewe, na ndani ya `setup.py` mtu anaweza kuandika chochote.

Mfano wa karibuni ndio huu. Tarehe 8 Septemba 2025 mtu mwenye anatunza pakeji kubwa za npm, zikiwemo chalk na debug, alitumiwa imeli ya kumwambia aapdeti 2FA yake, ile hatua ya pili ya kuingia baada ya paswadi. Imeli ilitoka domeini ya npmjs.help, na npm halisi ni npmjs.com. Akaingia, wezi wakachukua akaunti, wakatoa matoleo mapya yenye koodi ya kubadilisha anwani za kripto ili pesa iende kwao. Hizo pakeji zikijumlishwa hushushwa zaidi ya mara bilioni mbili kwa wiki moja. Zilinaswa baada ya kama masaa mawili hivi. Alafu mwezi huo huo ikaja ile minyoo, yaani programu mbaya inayojisambaza yenyewe, iliitwa Shai-Hulud, hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa watu kama sisi manake yenyewe ikiinstoliwa ilikuwa inatafuta tokeni za npm, za GitHub na za seva za kukodi, inazituma nje, na ikipata tokeni ya npm inajipandikiza kwa pakeji zingine za huyo mtu na kuzichapisha upya. Hakuna mtu alikuwa ameketi anachagua nani aibiwe, ni mashine ilikuwa inaruka kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine.

Kwa hivyo kazi ziko mbili. Moja, punguza vitu koodi mbaya inaweza kupata ikiingia. Mbili, punguza nafasi yake ya kuingia. Wengi huanza na ya pili, mimi naona ya kwanza ndio inaokoa watu, kwa sababu siku moja kitu kitapita tu.

Mashine yako isijue siri za production

Tuseme unatengeneza mfumo wa wauza samaki wa Dunga, wateja wanalipa kwa M-Pesa kupitia Daraja, ile huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa. Daraja iko na sandbox, yaani mahali pa kujaribia bila pesa halisi, na ile shortcode ya kujaribu 174379 na passkey yake ziko kwa dokyumenti, kila divelopa Kenya anazijua, hizo zikivuja hakuna kitu. Shida ni za production, yaani mfumo halisi wenye pesa za watu. Mtu akipata Consumer Key, Consumer Secret na passkey ya biashara, anaweza kurushia watu STK push, ile menyu ya kuomba PIN ya M-Pesa kwa simu, kwa jina la hiyo biashara. Na kama mfumo unatumia B2C, yaani ule wa kutuma pesa kwenda kwa watu, basi kuna zile siri za initiator (mtumiaji mwenye ruhusa ya kuanzisha malipo), na hizo zikienda pamoja na zile zingine unaongea kuhusu pesa kutoka kwa akaunti ya mteja wako. Hapo si bagi (kosa la koodi) tena.

Sheria yangu ni hii na siibadilishi kwa mteja yeyote: kwa mashine ya kazi weka siri za sandbox peke yake, siri za production zikae kwa seva na zisishuke kutoka huko. Usizitumie kwa WhatsApp, usiziweke kwa Notepad "kwa muda tu", usijitumie kwa imeli. Mwenye biashara aingie kwa seva na wewe mkiwa pamoja, zibandikwe pale, mwisho. Kwa seva faili yenyewe ifungwe hivi ili isomwe na yule mtumiaji wa mfumo peke yake:

    chmod 600 .env

Na usiendeshe mfumo kama root, yule mtumiaji mwenye uwezo wote kwa seva. Tengeneza mtumiaji wake, hata kama seva ni ile ndogo ya bei ya chini kabisa.

Sasa kwa repo, yaani folda ya projekti inayofuatiliwa na Git. Kabla ya komiti ya kwanza (kuhifadhi mabadiliko kwa Git), si baada, andika hii:

    echo ".env" >> .gitignore

Alafu tengeneza faili ingine inaitwa `.env.example` yenye majina tu bila thamani zake, hiyo ndio unakomiti, ili mwenzako akichukua projekti ajue anahitaji kujaza nini. Kama `.env` ilikuwa imeshaingia kwa Git, kuiweka kwa `.gitignore` peke yake haisaidii chochote manake Git tayari inaifuatilia, lazima uitoe:

    git rm --cached .env
    git commit -m "ondoa .env"

Na hapa ndio watu wengi wanafikiria wamemaliza. Hapana. Git ilitengenezwa mwaka 2005 ikiwa na nia ya kutosahau kitu, na siri yako bado iko kwa historia, mtu yeyote akiclone anaipata. Angalia kama ilishawahi kuwa ndani:

    git log --all --full-history -- .env

Ikikuonyesha komiti hata moja, basi ilikuwa ndani. Ama kama unashuku uliandika siri moja kwa moja ndani ya koodi, tafuta neno lenyewe:

    git log -p --all -S"CONSUMER_SECRET"

Kuna programu huria inaitwa gitleaks, imeandikwa kwa Go, faili yake ni moja tu na haisumbui hata mashine ya RAM 4GB, yenyewe inapita historia yote ikitafuta vitu vyenye sura ya tokeni. Ukiwa ndani ya repo:

    gitleaks git -v

Ukishaizoea iweke iwe inaangalia kila komiti kabla haijaingia. Fungua faili `.git/hooks/pre-commit`, andika mistari hii miwili, alafu uipe ruhusa kwa `chmod +x`:

    #!/bin/sh
    gitleaks git --pre-commit --redact --staged --verbose

GitHub nayo siku hizi inazuia kupushi kwa repo za wazi ikiona tokeni inayoijua, lakini haijui kila aina ya siri duniani, usiitegemee peke yake.

Ukipata siri imevuja, mpangilio ni wa maana sana. Kwanza ua ile siri, yaani ingia kwa Daraja ama popote ilitoka upate mpya na ya zamani isifanye kazi. Baada ya hapo ndio ufikirie kusafisha historia na `git filter-repo`. Watu hufanya kinyume, wanakesha wakisafisha repo na ufunguo bado uko hai, na kuna roboti kazi yao ni kupitia komiti mpya za GitHub kutwa kucha. Kitu ikishakuwa wazi kwa intaneti hata dakika chache, hesabu kwamba imeshachukuliwa. Kufuta repo haiirudishi.

Zima skripti, alafu chagua pakeji kwa macho

Kwa npm, hii ndio setting moja ningekuwa na uwezo ningeiweka kwa kila mashine kuanzia Kondele hadi Lanet:

    npm config set ignore-scripts true

Kuanzia hapo `preinstall` na `postinstall` za watu haziendeshwi. Zako mwenyewe kama `npm run dev` bado zinafanya, isipokuwa zile za kutangulia na kufuata za `pre` na `post` nazo zinarukwa. Pakeji chache zenye zinajenga kitu wakati wa kuinstoli zinaweza kulalamika, bcrypt kwa mfano, na hiyo ukishaiangalia na ukaridhika unaipa ruhusa peke yake:

    npm rebuild bcrypt --ignore-scripts=false

Ukitumia pnpm toleo la 10 kwenda juu, hizi skripti zimezimwa tayari na wewe ndio unataja zipi ziruhusiwe. Hiyo moja peke yake inatosha kunifanya niipendekeze, na bado inakuokolea bando na nafasi ya diski kwa sababu haikopi pakeji moja mara kumi kwa projekti kumi.

Kwa Python, kila projekti iwe na mazingira yake, na omba faili zilizojengwa tayari peke yake:

    python3 -m venv .venv
    source .venv/bin/activate
    pip install --only-binary :all: requests

Kwa Windows huo mstari wa pili ni `.venv\Scripts\activate`. Ikikataa ikisema haipati faili iliyojengwa, hapo simama uangalie hiyo pakeji ni ya nani kabla hujaondoa hiyo sehemu. Na tuelewane, `venv` inatenganisha pakeji tu, si ukuta wa usalama, koodi iliyo ndani bado inasoma folda zako zote. Vile vile kuzima skripti hakumaanishi pakeji mbaya imekufa, ukiiita ndani ya koodi yako itaendeshwa tu. Lakini umeondoa njia rahisi, na njia rahisi ndio wezi wengi wanatumia.

Sasa kuchagua. Angalia jina herufi kwa herufi. Mwaka 2017 kuna mtu aliweka `crossenv` kwa npm, ile ya kweli ni `cross-env`, na hiyo ya uongo ilikuwa inakusanya environment variables za mtu na kuzituma nje, yaani haswa pale tunaweka siri. Siku hizi kuna hatari mpya juu ya hiyo: unauliza AI ikuandikie koodi, inakutajia pakeji yenye jina zuri kabisa lakini haipo, na mtu mwerevu anaenda analisajili hilo jina na kuweka uchafu ndani. Kwa hivyo pakeji yoyote umeambiwa na AI, ama na video, ama na mtu kwa grupu, ipitie kwanza:

    npm view cross-env repository.url maintainers time

Angalia ilianza lini, toleo la mwisho lilitoka lini, repo yake inafunguka, na kuna watu wanajibu maswali huko. Pakeji imezaliwa juzi, mwenyewe hana kitu ingine, na inadai kufanya kitu cha malipo? Mimi hapo naondoka. Na ujiulize kama unaihitaji kwanza. Mwaka 2016 mwenye left-pad aliitoa kwa npm na projekti nyingi sana duniani zikashindwa kujengwa, na yote ilikuwa mistari 11 ya kuongeza nafasi mbele ya neno. Kitu unaweza kuandika mwenyewe ukisubiri ugali uive, kiandike.

Funga matoleo, na usikimbilie jipya

Ndani ya `package.json` ukiona `^4.18.2` hiyo alama ya mbele inamaanisha "nipe hii ama jipya lolote la 4". Bila faili ya kufungia, wewe ukiinstoli leo na mwenzako Eldoret akiinstoli kesho mnaweza kuwa na vitu tofauti. `package-lock.json` ndio inaandika toleo kamili la kila pakeji pamoja na hashi yake, yaani alama ya herufi na namba inayobadilika faili ikiguswa. Ikomiti. Kuna watu huifuta ati inaleta konflikti, tafadhali usifanye hivyo. Na kwa seva usitumie `npm install`, tumia:

    npm ci

Hii inachukua vile lock imesema, na kama lock na `package.json` hazikubaliani inakataa kuendelea. Ukiwa unabana bando ongeza `--prefer-offline`, itatumia zile ziko kwa keshi ya mashine yako na bado italinganisha hashi. Ndio sababu pia sipendi ile tabia ya kupeana folda nzima ya `node_modules` kwa flashi, hapo hakuna mtu anaangalia hashi ya chochote. Mpe mwenzako lock, ama mpe hotspoti.

Kuhusu kungoja: vile tumeona kwa chalk, matoleo yenye sumu mara nyingi yanagunduliwa ndani ya masaa ama siku chache. Mtu mwenye hakukimbilia hakuguswa. pnpm kuanzia 10.16 inakuruhusu kuandika hii kwa `pnpm-workspace.yaml`, hesabu yake ni dakika, kwa hivyo hapa ni siku tatu:

    minimumReleaseAge: 4320

Ukiwa na npm ya kawaida unaweza kusema usipewe kitu kilichotoka baada ya tarehe fulani:

    npm install express --before=2025-09-01

Lakini usigeuze hii iwe sababu ya kutoapdeti kabisa, hapana, huo ni ugonjwa mwingine na huku kwetu ndio umeenea zaidi, mfumo umewekwa mwaka fulani na hakuna mtu ameugusa tena. Toleo la kuziba shimo linajulikana haliwezi kungoja. Desemba 2021 shimo la Log4j (pakeji ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo), namba yake CVE-2021-44228, lilikuwa mtu anaandika maneno fulani kwa sanduku la kutafuta na seva inaendesha koodi yake, hapo siku tatu ni nyingi sana. Ndio maana unahitaji kujua uko na mashimo gani, na amri ni hizi:

    npm audit
    pip-audit -r requirements.txt

Soma inachosema, usipige `npm audit fix --force` ukifunga macho, hiyo inaweza kukurukisha hadi toleo kubwa lingine na mfumo ukaanguka siku ya soko. Angalia ni pakeji gani, na je, ni kitu kinakaa kwa seva ama ni cha kujengea tu? Anza na vya seva. Kila Jumatatu asubuhi hiyo kazi ni ya robo saa.

Na kwa wale wanaosema basi tuachane na programu huria, hebu kumbuka xz, programu huria ya kufinya faili kwa Linux. Februari na Machi 2024 mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa amejenga imani kwa hiyo projekti zaidi ya miaka miwili, aliweka mlango wa nyuma kwa xz 5.6.0 na 5.6.1, ulilenga seva za Linux kupitia SSH, njia ya kuingia seva ukiwa mbali. Aliyeunasa ni Andres Freund, divelopa wa Postgres, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde hivi, akakataa kunyamaza, akachimba, na tarehe 29 Machi akaeleza dunia nzima. Aliweza kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi kukichimba. Mwenye alikuwa anatunza xz kwa miaka alikuwa karibu peke yake, amechoka, na watu wanamsukuma aongeze mtu. Kwa hivyo ukiona projekti unayoitegemea iko na mtu mmoja na wewe unajua kitu kidogo, hata kupima bagi ama kurekebisha dokyumenti, ingia umsaidie, hiyo ni kazi ya usalama kabisa.

Ukipewa "test" ya kazi na mtu humjui

Hii naiweka peke yake kwa sababu vijana wa huku wanatafuta kazi za mtandao usiku na mchana. Tangu 2023 watafiti wa usalama wamekuwa wakieleza kampeni inaitwa Contagious Interview, inahusishwa na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Mtu anakuja LinkedIn na profaili safi, kampuni ya kripto ama ya AI, mshahara wa dola, anakwambia clone hii repo, iendeshe, urekebishe bagi kabla ya mahojiano ya saa kumi. Haraka haraka. Ndani ya repo kuna koodi ya kuiba paswadi za brauza na pochi za kripto, na wewe ndio umeiendesha kwa mkono wako.

Fanya hivi. Usiiendeshe kwa mashine yako, hata kama mtu anaonekana mpole na amewasha kamera. Ifungue kwanza kwa kusoma tu. VS Code itakuuliza kama unaamini waandishi wa hiyo folda, sema hapana, itafunguka ikiwa imezuiwa. Angalia `package.json` sehemu ya scripts, angalia folda ya `.vscode` kama kuna `tasks.json` yenye `folderOpen` ndani, hiyo ni amri ya kujiendesha folda ikifunguliwa tu. Tafuta `eval(`, `child_process`, `atob`. Na uscroll kulia, kweli, kuna watu huficha koodi kwa kuweka nafasi nyingi sana baada ya mstari wa kawaida ili isionekane kwa skrini.

Kama bado unataka kuiendesha, iendeshe mahali hakuna kitu chako. Kwa mashine yenye Docker, programu ya kuendesha koodi ndani ya kontena iliyotengwa:

    docker run --rm -it -v "$PWD":/app -w /app node:22 bash

Hapo inaona hiyo folda moja tu, lakini hiyo folda inaweza kuibadilisha, kwa hivyo isiwe ndani ya folda yako ya kazi. Kama mashine haiwezi Docker, GitHub Codespaces inampa mtu wa kawaida masaa 120 ya core bure kwa mwezi, fungua kwa akaunti yenye haina repo za wateja, maliza, futa. Mwajiri wa kweli hawezi kukasirika ukimwambia nitaiendesha kwa kontena. Akikasirika umepata jibu lako.

Programu za crack ziko hapo hapo. IDE (programu ya kuandikia koodi) ya crack kutoka kwa flashi ya mtu ni koodi ya mtu usiyemjua yenye umeipa kila kitu, na haina haja, manake VSCodium, Git, DBeaver na wenzao ni za bure. Ukipewa instola na rafiki kwa sababu bando ni ghali, sawa, lakini linganisha hashi yake na ile iko kwa tovuti ya wenyewe:

    sha256sum faili.deb

Windows fungua PowerShell uandike `Get-FileHash faili.exe`. Herufi zikitofautiana hata moja, itupe.

Akaunti zako

Haraka tu. GitHub na PyPI zote zinalazimisha 2FA kwa wenye wanachangia koodi, GitHub ilianza kulazimisha 2023 na PyPI tangu mwanzo wa 2024. Usitumie SMS. Huku tunajua vile laini ya mtu inaweza kuhamishwa na mtu mwingine na asubuhi unaamka hauna network. Tumia programu ya namba za muda, Aegis kwa Android ni huria na inafanya bila intaneti. Zile recovery codes ziandike kwa karatasi uweke na vyeti vyako, usizipige skrinishoti. Kwa SSH:

    ssh-keygen -t ed25519

Na ikikuuliza passphrase, iweke, usipige Enter tu, manake faili ya ufunguo ikiibiwa hiyo passphrase ndio kitu pekee kimebaki katikati. Ufunguo wa siri haukai kwa flashi na hauingii kwa kompyuta ya saiba. Ukilazimika kupushi kutoka saiba, tengeneza tokeni ya GitHub ya repo moja tu, muda wake siku moja, alafu uifute ukitoka.

Ukishagongwa

Tuseme umegundua pakeji uliyoinstoli jana ilikuwa na sumu. Zima intaneti kwa hiyo mashine. Chukua mashine ingine ama simu ya mtu unayemwamini, na kutoka huko anza kubadilisha: imeli kwanza kwa sababu ndio inafungua zingine zote, alafu GitHub, npm, seva, Daraja. Toa session zote zilizo wazi, si paswadi tu, manake kuki iliyoibiwa haijali paswadi mpya. Angalia kwa GitHub kama kuna repo ama SSH key hujaweka wewe, ile minyoo ya 2025 ilikuwa inatengeneza repo za wazi kwa akaunti ya mtu na kumwaga siri zake humo. Mashine yenyewe, ichukulie imeharibika, hamisha dokyumenti zako na uweke mfumo upya, usihamishe `node_modules` wala programu.

Alafu mwambie mteja. Siku hiyo hiyo, kwa simu, si kwa ujumbe. Najua ni ngumu, unaogopa kupoteza kazi, lakini yeye ndio ana uwezo wa kuangalia statement na kusimamisha akaunti mapema. Na kama data za watu zimeguswa, majina, namba za simu, vitambulisho, na kuna hatari ya kweli wataumia, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mwenye data ampe taarifa Kamishna wa Data ndani ya masaa 72 tangu ajue. Wewe kama fundi unayeshika hizo data kwa niaba yake unafaa kumwambia bila kuchelewa ili hayo masaa yamtoshe. Mwandikie ukurasa mmoja: lini iliingia, pakeji gani na toleo gani, siri zipi zilikuwa zinaonekana, zipi umeshabadilisha na saa ngapi, watu wangapi wako kwa ile database. Hizo ndizo atakazoulizwa.